Bendera Niliyomchagulia Jirani

Fomu ilikuwa ya karatasi moja, mbele na nyuma. Naanza na hilo kwa sababu kwa miezi mitano sikuweza kulisema mbele ya mtu aliyestahili kulisikia. Muda wote huo fomu ilikaa ndani ya kamusi yangu kubwa, kwenye kabati la chumba cha mbele, hapa nyumbani kwangu Gongo la Mboto. Mtu aliyeihitaji alikuwa upande wa pili wa ukuta, akigonga patasi yake kuanzia saa mbili asubuhi.

Mtu huyo ni jirani yangu, mchonga vinyago aliyeacha kuchonga kwa biashara macho yalipoanza kuchoshwa na vitu vidogo. Kwao ni pwani ya Lindi. Ujanani, kabla hajaja Dar es Salaam, alifanya kazi na mjomba wake aliyekuwa akiunda mashua. Alipoacha vinyago aliirudia kazi ya mjomba. Akaanza kuunda boti uani kwake, mbali kabisa na bahari, kati ya tangi la maji na banda la kuku. Ilimchukua miaka sita.

Watu walimtania sana. Fundi baiskeli wa pale kona hakuwahi kupita bila kuuliza, "Mzee, bahari inahamia Pugu lini?"

"Ikihamia utakuja kuniomba lifti," alijibu jirani, bila kuinua macho kwenye mbao.

Mama anayeuza vitumbua alisema boti ile itatusaidia masika kuvuka barabara ya mtaa wetu. Anayeijua barabara ya mtaa wetu hawezi kusema lilikuwa wazo baya.

Lakini boti ilikuwa na kazi yake. Jirani anaishi na mama yake, bibi wa miaka themanini na zaidi, ambaye nyonga yake ya kushoto iliumia kwenye ajali ya basi na haikupona vizuri. Akikaa kwenye kiti kwa saa mbili, kesho yake hainuki. Na bibi huyu ndiye mkubwa wa kike katika ukoo wao. Kwao msichana akiwekwa ndani kwa unyago, hatolewi nje mpaka mkubwa huyo amshike mkono na kumvusha kizingiti. Kitukuu wake alikuwa atolewe Desemba, shule zikifungwa. Jirani alikuwa amemwahidi mama yake kwamba safari hii hatapanda basi. Angelala kwenye godoro ndani ya boti, siku tatu, wakipumzika Mafia na Kilwa, mpaka Lindi.

"Nitafika nimenyooka," bibi alikuwa akiniambia nikimsalimia pale barazani. "Wenzangu watasema huyu ametoka Dar au ametoka kitandani?"

Sasa niseme mimi ni nani katika habari hii. Niliacha shule darasa la saba. Kwa miaka ishirini na minne nilikuwa mtunza stoo kwenye ghala moja Temeke, karibu na bandari, na kwa sababu makaratasi yote ya mizigo yalikuwa ya Kiingereza, nilijifunza Kiingereza kwa kamusi, maneno kumi kwa siku, nikiyaandika kwenye daftari la mistari. Baada ya Kiingereza nikajifunza sheria za forodha, baada ya forodha nikaanza kusoma chochote kilichokuja mkononi. Mtaani wananiita mwalimu, ingawa sijawahi kusimama mbele ya darasa. Watu huniletea mikataba ya viwanja, barua za benki, vyeti vya hospitali. Nawasomea na kuwaeleza. Sitozi kitu. Nilikuwa najiambia kwamba nafanya hivyo kwa ujirani mwema. Leo nadhani malipo niliyachukua kila siku kwa njia nyingine, kila nilipoona mtu ananisikiliza na kutikisa kichwa.

Mwezi wa saba, boti ikiwa imebakiza rangi na injini, jirani alikuja kukaa kwangu.

"Mwalimu," alisema, "chombo lazima kiwe na bendera ya nchi kilikosajiliwa. Mzungu mmoja kule Kigamboni ana boti yake ya matembezi, anapeperusha bendera ya nchi ambayo wala si kwao. Kumbe mtu unachagua. Sasa sie tuchague ipi?"

Swali hilo lilinifurahisha kuliko inavyostahili. Usiku ule ule nilichora jedwali, na kwa wiki mbili nililijaza. Kushuka chini niliweka nchi tisa. Kwenda kulia niliweka ada, ukaguzi, muda, lugha ya nyaraka, urithi mwenye boti akifa, na namna bendera hiyo inavyochukuliwa kwenye bandari za nje. Nilisoma mtandaoni mijadala ya wenye boti za Ulaya, watu wanaobishana kurasa hamsini juu ya faida za bendera hii na hasara za ile. Nilijifunza mengi na mengi yalikuwa kweli. Kosa ni kwamba yalikuwa maswali ya watu wanaozunguka dunia. Jirani yangu alitaka kufika Lindi na kurudi. Katika safu zote zile hapakuwa na hata moja iliyouliza boti inakwenda wapi.

Tanzania niliiweka mstari wa tisa. Nilifanya hivyo nikiwa bado sijauliza. Ndipo, kwa kuwa napenda jedwali likamilike, nikaenda mjini kwenye ofisi inayoshughulika na vyombo vya majini.

Dirishani alikuwa dada wa miaka kama thelathini. Nilikuwa nimeandaa maelezo yangu kichwani kwa utaratibu. Nilisema boti ni ya matembezi, urefu mita tisa, ya mbao, imeundwa nyumbani, mmiliki Mtanzania, na uzito wake ni kama tani nne, hivyo kwenye usajili itaandikwa tani nne.

"Baba, hiyo tani siyo uzito," alisema. Alisema kwa upole, ninamkumbuka vizuri. "Tani za usajili ni nafasi ya ndani ya chombo. Mkaguzi ndiye atapima, usijali."

Nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa nimelisoma siku tatu kabla na kulipigia mstari. Lilinitoka tu pale dirishani. Nyuma yangu kwenye foleni mtu mmoja akasema, "Mzee kaja kusajili gunia la mahindi," na wengine wakacheka. Yule dada hakucheka. Alinipa fomu, akazungushia kalamu sehemu za kujaza, akasema, "Mwenye boti ajaze, alete na kitambulisho. Mkaguzi atakuja hapo hapo ilipo. Kwa boti ya namna hiyo hakuna ugumu."

Kisha akaniuliza, nadhani kwa nia njema tu, "Wewe ni wakala, baba? Ulisomea mambo ya meli?"

"Hapana," nilisema.

Nilikunja fomu mara mbili nikatoka. Nikiwa na miaka hamsini na tatu, masikio yalikuwa yanawaka kama ya mtoto aliyepigwa mbele ya darasa.

Jirani alikuwa ananisubiri barazani kwangu. Hakunipa nafasi hata ya kuvua viatu.

"Enhe, wamesemaje?"

"Wanasumbua," nilisema. "Boti ya kuundwa nyumbani, kwa hapa ni ngumu."

"Ngumu, au haiwezekani?"

Aliuliza hivyo kwa sababu ni fundi. Kwake ngumu ni kazi tu, mtu anaanza asubuhi. Kama ningerudia ngumu, kesho yake angekwenda mwenyewe. Hilo nililiona kabla sijafungua mdomo.

"Haiwezekani," nilisema.

Akauliza kama hao wa nje wataikubali. Nikamweleza kwamba kuna nchi moja ya visiwa, iliyo mbali, ambayo inasajili kwa barua pepe kupitia wakala, na inachotaka ni picha na vipimo.

"Picha tu? Hakuna mtu wa kuja kuigonga mbao?"

"Hakuna."

"Basi sawa," alisema, lakini nilimwona ameumia kidogo. Miaka sita alikuwa akifunga mataruma yale, mbavu za boti, kwa kufikiria siku ambayo mtu anayejua atakuja na kinyundo, agonge, asikilize, asiseme kitu. Mimi nilipeleka picha kumi na mbili kwa watu wasiojua mbao ya mninga inanukaje.

Nchi hiyo sitaitaja. Haikufanya kosa lolote. Ilipokea maombi halali ikatoa cheti halali, na cheti kilikuja baada ya siku kumi na tisa, nikakichapisha kwa rangi kwenye stesheneri ya kituoni. Jirani alikifunika kwa plastiki, akakitundika sebuleni juu ya televisheni.

Sheria zao zilitaka jina la boti na jina la bandari ya usajili yaonekane nyuma ya chombo. Jina la boti lilikuwa la mama yake. Bandari ilikuwa mji wa visiwa vile, herufi kumi na moja, mji ambao mimi na yeye hatujawahi kuuona hata kwenye kalenda.

"Rangi inatosha," nilimwambia.

"Rangi inafutika," alisema. "Niandikie, mie nichonge."

Nikachukua rula na penseli, nikaandika jina la mji ule kwenye ubao wa nyuma ya boti, herufi kubwa, kila moja na nafasi sawa. Alizichonga kwa siku nne. Hakuchimba herufi. Alichimba mbao iliyozizunguka, zikabaki zimeinuka, laini, zikiwa na kingo kali kama sabuni mpya. Tangu aache vinyago sikuwahi kumwona akifanya kazi kwa raha namna ile. Nilikuwa nakwenda kumtazama kila jioni, na kila jioni nilikuwa na nafasi ya kusema. Fomu ilikuwa hatua thelathini kutoka pale.

Bendera ilishonwa na fundi cherehani wa mtaani. Nilimpelekea picha, akaigeuza juu chini.

"Hii timu gani, mwalimu?"

"Ni nchi."

"Inacheza kombe lipi?"

Ilipokamilika jirani aliitundika uani kwenye mlingoti wa boti ili aione ikipepea. Kesho yake asubuhi alikuja mjumbe wa shina letu, mama mwenye sauti ya kipaza sauti, na nyuma yake watu kama kumi.

"Shikamoo mzee," alimsalimia jirani, kisha bila kupumua, "naomba nielezwe. Hiki ni chama gani? Maana kwangu hakijajitambulisha."

"Marahaba. Si chama, mama."

"Kama si chama ni uganga. Mganga naye anajitambulisha. Hawezi mtu kuanza kutibu watu kwenye shina langu nikasikia kwa muuza vitumbua."

"Mie nimesema tu kuna kitambaa!" mama wa vitumbua alipaza sauti kutoka nyuma.

Watu wakacheka, jirani akacheka, na akanigeukia. "Mwalimu, hebu waeleze."

Nikawaeleza. Nilisimama kwenye tofali. Niliwaeleza bendera ya chombo ni kama uraia wake, kwamba mwenye chombo anaweza kuchagua, na kwamba mtaa mzima huu sasa una boti ya kimataifa. Walinipigia makofi. Mjumbe alisema, "Basi tutembelewe na balozi wao." Wakati wote huo bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka wake ukutani, na watu walipotawanyika aliniita.

"Mwanangu, nikifika nyumbani na kitambaa hicho, watauliza tumetoka wapi. Niseme wapi?"

"Sema Dar es Salaam, bibi."

"Na boti isemeje?"

Nilimjibu jambo refu lenye maneno ya kisheria. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, wewe ndiye unayejua."

Mwanzoni mwa Novemba boti ilipandishwa kwenye lori, ikavuka daraja, ikashushwa kwenye mkono wa bahari kule Kigamboni. Ilielea vizuri sana. Jirani aliingia ndani akapapasa sakafu yote kwa kiganja, akatoka na kiganja kikavu, akatuonyesha. Tulikuwa tumeshapanga maboya ya kuvaa, maji, godoro la bibi. Siku ya tatu, asubuhi, walikuja maafisa wawili wanaokagua vyombo eneo lile. Mkubwa wao alisoma nyuma ya boti, akaangalia bendera, akaomba nyaraka. Mimi ndiye niliyezitoa.

"Chombo cha kigeni," alisema. "Karibuni Tanzania. Kiliingia nchini tarehe ngapi?"

"Hakikuingia," alisema jirani. "Kimeundwa hapa."

"Hapa wapi?"

"Gongo la Mboto."

Yule afisa mwingine alikohoa ili asicheke. Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu wake karibu nasi hakujizuia. "Bandari ya Gongo la Mboto!" alisema. "Kina chake kinaruhusu meli kubwa?"

Afisa mkubwa hakufanya mzaha. Alitueleza kwa utaratibu, na kila alichosema kilikuwa kweli na mimi nilikuwa na elimu ya kutosha kukijua mapema. Chombo chenye bendera ya nje ni mgeni. Kinapaswa kuwa na karatasi ya forodha ya kuingia nchini, na hiki hakikuwa nayo wala hakikuweza kuipata kirahisi, kwa kuwa hakikutoka popote. Tena mgeni hasafiri kutoka bandari moja ya hapa kwenda nyingine kama Lindi bila kibali. Njia fupi ni kufuta usajili wa kule, kusubiri hati ya kufutwa, kisha kusajili hapa. Mpaka hapo, boti isiondoke.

"Lakini mzee wangu," alimwambia jirani, "kwa nini hukusajili hapa tangu mwanzo? Fomu ni karatasi moja. Mkaguzi angekufuata uani kwako."

"Mwalimu alikwenda kuuliza," alisema jirani. "Wakamwambia haiwezekani."

"Nani alimwambia?"

Wote watatu walinitazama. Mvuvi naye aliacha kushona. Nilikuwa na sentensi ya kweli mdomoni, fupi, ya maneno manne au matano. Badala yake nilisema, "Pale dirishani. Sikumbuki ni nani."

Afisa alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Kuna wenzetu wanatuangusha," alisema. Jirani akaongeza, kwa hasira ambayo siku zote alikuwa nayo kidogo sana, "Mungu atawaona." Aliyemtakia hivyo alikuwa yule dada aliyenizungushia sehemu za kujaza kwa kalamu.

Siku ile ile nilituma maombi ya kufuta usajili. Nilifuatilia kila asubuhi. Nilikuwa mwepesi, nilikuwa sahihi, nilihifadhi nakala za kila barua. Hati ya kufutwa ilisubiriwa wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Desemba ikaingia. Lindi wakapiga simu kuuliza, maana siku ya mwali ilikuwa imeshatangazwa na haiwezi kusogezwa. Wasichana sita walikuwa wanatolewa pamoja. Bibi ndiye aliyeamua.

"Nipelekeni kwenye basi," alisema.

Niliomba niwasindikize. Tulifika stendi ya mabasi ya kusini kule Temeke saa kumi na moja na nusu alfajiri, jirani, bibi na mimi na begi lake. Kwenye ngazi za basi bibi alisimama. Alishika chuma kwa mikono miwili, akaitazama ngazi ya kwanza kwa muda mrefu. Hakusema anaogopa. Kondakta alianza kusema, "Bibi, tunachelewa," akamwona uso wake, akanyamaza na kushuka kumshika upande mmoja. Mimi nilimshika upande mwingine, upande wa nyonga mbovu. Nilisikia mfupa ule kwa mkono wangu, jinsi mwili wote unavyojikaza kabla haujainuliwa.

Alipokaa alinishika kiganja.

"Mwanangu, usijisumbue moyo," alisema. "Umehangaika sana na makaratasi yetu. Mungu akulipe."

Nilisema amina. Nilishuka.

Alifika. Jirani aliniambia kwenye simu kwamba siku ya mwali walimbeba na kiti chake mpaka kizingitini, akamshika msichana mkono, akamvusha akiwa amekaa. Tangu kesho yake hakuinuka. Daktari wa kule alisema asipandishwe gari tena kwa safari ndefu. Apumzike, na akija Dar aje kwa njia ya kulala. Anataka kurudi. Kitanda chake kiko hapa, na kaburi la mumewe liko hapa, na ameshasema mara tatu kwenye simu kwamba anasubiri boti.

Jirani alirudi peke yake kabla ya mwaka mpya. Nilimwacha siku moja apumzike. Siku ya pili, saa nne asubuhi, nilitoa fomu kwenye kamusi. Mikunjo ilikuwa imekaa vizuri kama iliyopigwa pasi. Nilimkuta uani ananoa patasi, mahali palipokuwa na boti, ambapo sasa majani yalikuwa yameanza kuota kwa umbo lake.

Nilimpa. Sikumwambia akae, maana alikuwa amekaa. Nilisema, "Hii nilipewa mwezi wa saba. Yule dada wa dirishani hakukataa. Alisema hakuna ugumu."

Huwa anasoma polepole, kwa kidole. Alisoma mbele, akageuza, akasoma nyuma. Alifika kwenye miduara ya kalamu.

"Hii miduara ni yako?"

"Ya kwake. Alikuonyesha pa kujaza."

"Sasa kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa maelezo. Pale sikuyaona tena. "Nilikosea jambo dogo mbele ya watu, wakanicheka," nilisema. "Sikutaka kurudi pale."

"Wakakucheka."

"Ndiyo."

"Mie miaka sita mtaa mzima unanicheka," alisema. Hakupaza sauti. "Kila siku ya Mungu. Mpaka kuku walikuwa wananicheka."

Aliikunja fomu kwa mikunjo ile ile, akaiweka mfuko wa shati. Akasema hataki kuongea na mimi kwa sasa, niende. Kwa siku tisa hatukusalimiana, na hapa ukuta wetu ni mmoja. Watu walipoleta barua zao niliwaambia macho yanauma.

Siku ya kumi alinigongea. Hati ya kufutwa usajili ilikuwa imekuja kwenye barua pepe yangu siku mbili kabla, nami nilikuwa nimeipitisha chini ya mlango wake. Alikuwa ameshika randa na tupa.

"Twende Kigamboni," alisema. "Zile herufi uliziandika wewe. Wewe utaziondoa."

Boti ilikuwa imevutwa mchangani. Alikaa kwenye kivuli chake na kunitazama. Mimi sijawahi kushika randa kwa kazi. Herufi ya kwanza nilitumia nusu saa, nikapasua mbao pembeni.

"Unakwenda kinyume cha mbao," alisema. "Tazama inavyolala. Mbao haina haraka na wewe."

Nilifanya kazi siku mbili. Mikono ilitoka malengelenge, na sisemi hilo ili nihurumiwe; yeye mikono yake imekuwa hivyo maisha yote. Alikuwa amechonga kwa kina, kwa hiyo nilipofikisha herufi usawa wa mbao aliyoichimba kuzizunguka, ubao ulibaki na bonde refu katikati, kama mahali palipokaliwa. Nilisema tutie gundi na vumbi la mbao, tupake rangi. Alisema hapana, bonde libaki, ni imara, halivuji. Chini yake akachonga upya kwa mkono wake, bila kuniomba kuandika, DAR ES SALAAM.

Fomu aliijaza mwenyewe, akaipeleka mwenyewe. Mkaguzi alikuja Kigamboni wiki iliyopita. Ni mtu mzima wa rika langu, mwenye kinyundo kidogo cha shaba. Aligonga mataruma moja baada ya jingine, akisikiliza, hakusema kitu, na jirani alitembea nyuma yake hakusema kitu vilevile, lakini nilimwona usoni. Alipima ndani kwa utepe kwa ajili ya zile tani. Alipofika nyuma alisimama. Alipitisha kidole kwenye bonde.

"Kazi nzuri kote," alisema. "Sasa hapa palikuwa na nini?"

"Muulize mwalimu," alisema jirani, akaenda kukaa.

Mkaguzi alinigeukia akiwa na kalamu mkononi. Nilimweleza tangu dirishani. Nilimweleza na yule dada, kwamba alinisaidia na mimi nikamsingizia. Ilichukua muda, kwa sababu alikuwa akiandika, na mara mbili aliniomba nirudie.